Wasiwasi Hutoka Wapi?

  

Leo tungependa kunena juu ya wasiwasi, na hatuna budi kuanza kwa kuungama. Miaka mitatu iliyopita tulihubiri juu ya jambo hili kanisani kwetu. Watu walitupongeza mlangoni, tukaenda nyumbani tukanywa chai kwa furaha, na kumbe siku ile tulikuwa tumemjeruhi mama mmoja wa ushirika wetu. Tutafika kwake. Lakini kwanza tulifafanue neno lenyewe, kwa maana siku ile hatukulifafanua, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Sisi huku Taita twaishi kando ya mbuga za Tsavo, na ndovu ni majirani zetu. Mahindi yakianza kukomaa huja usiku, na watu hukesha shambani wakipiga madebe na kuwasha moto. Mtu akikutana na ndovu njiani alfajiri, moyo humdunda, kinywa humkauka, jasho humtoka, na kabla hajafikiri neno lolote miguu imekwisha kumrudisha nyuma. Hiyo ni hofu. Ina sura ya kuonekana, ina mkonga na masikio. Ndovu akienda zake, baada ya muda hofu nayo huondoka, na mtu huyo atawasimulia wenzake akicheka.

Sasa mwangalie mtu yuleyule usiku. Amelala kitandani, mlango umefungwa kwa komeo, na nje kuna sauti za wadudu tu. Lakini hapati usingizi. Anajiuliza, je, wakija kesho? Wakimaliza mahindi, karo itatoka wapi? Mtoto akirudishwa nyumbani, si mtihani utampita? Moyo unadunda vilevile, na jasho ni lile lile, ila ndovu hayupo. Huo ndio wasiwasi. Mwili unajitayarisha kupigana na jambo ambalo halijafika, na ambalo pengine halitafika kamwe. Neno lenyewe tulilipata katika Kiarabu, na huko asili yake ni kunong'ona. Aliyewahi kukosa usingizi saa tisa za usiku hahitaji kuelezwa kwa nini liliitwa hivyo.

Inafaa tueleze yanayotendeka mwilini, kwa sababu wengi wanaoshikwa na wasiwasi mkali hudhani wanakufa. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, nayo huitwa amigdala. Kazi yake mojawapo ni kutambua hatari upesi, kabla akili haijamaliza kupima mambo. Ikitambua hatari, habari hupelekwa mwilini, na tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Daktari mmoja wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1915. Moyo huenda mbio ili damu nyingi ifike katika misuli ya miguu na mikono. Tumbo huambiwa lisubiri, maana huu si wakati wa kusaga ugali. Ndiyo sababu mtu mwenye wasiwasi huona tumbo limevurugika, na mate yamemkauka. Pumzi nazo huenda mbio. Kama angekuwa anakimbia kweli, pumzi hizo zingetumika. Lakini yeye ameketi tu kwenye kiti, na kwa kupumua kupita kiasi hewa ya kaboni dioksaidi hupungua katika damu yake. Hapo huja kizunguzungu, vidole hufa ganzi, na huona kama anakosa hewa, ingawa hewa anayo tele.

Basi mtu huyu asiyejua habari hizi anasema moyoni, “Huu ni ugonjwa wa moyo. Nakufa.” Wazo hilo nalo ni hatari mpya mbele ya ile lozi ya ubongo, nayo yaagiza adrenalini zaidi. Moyo waongeza mbio, naye aogopa zaidi. Mzunguko huo ukianza, mtu aweza kutoka mbio kanisani katikati ya mahubiri, na watu wakadhani amekasirishwa na mhubiri. Kwa kawaida dhoruba hiyo hufika kileleni katika dakika chache, kisha hushuka yenyewe, hata kama mtu hakufanya lolote. Mwili hauwezi kubaki kileleni.

Hata hivyo twataka kuonya hapa. Mtu akishikwa na maumivu ya kifua kwa mara ya kwanza, aende hospitali, wala asijiambie kwamba ni wasiwasi kwa sababu aliusikia mhubiri redioni. Magonjwa ya moyo yapo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, nayo huleta mapigo ya mbio na kutetemeka. Kadhalika dawa nyingine, kama ile ya kuvuta ya pumu, zaweza kumfanya mtu atetemeke mikono. Na vijana wetu wanaotafuna miraa na muguka usiku kucha, kisha wakalalamika asubuhi kwamba moyo unawadunda na wanaona watu wanawasema vibaya, hawana haja ya kutafuta mchawi. Pombe ni vivyo hivyo. Humtuliza mtu jioni, na ikimtoka mwilini humwachia wasiwasi kuliko ule aliokuwa nao.

Sasa, kwa nini Mungu atupe mwili wa namna hii? Twajibu kwamba bila huo tusingefika hapa. Babu zetu wasioshtuka waliposikia majani yakitikisika hawakuacha wajukuu wengi. Ni kama mbwa wa boma. Hapana mtu amfugaye mbwa asiyebweka. Lakini mbwa hajui kusoma barua. Hambwekei mwizi peke yake. Mbwa wetu hapa kwenye nyumba ya parishi amekwisha kumbwekea askofu, tena akiwa amevaa kanzu zake zote. Tulitahayari, lakini hatukumfukuza mbwa.

Na mbwa hujifunza. Aliyepigwa jiwe na mtoto humbwekea kila mtoto. Katika ushirika wetu kuna mzee ambaye zamani alifanya kazi ya ofisi Nairobi. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, alikuwa katika jengo lisilokuwa mbali na ubalozi wa Marekani. Mtakumbuka kwamba kabla ya ule mlipuko mkuu watu walisikia kishindo kidogo, na wengi wakaenda madirishani kutazama. Ndipo bomu lilipolipuka, na vioo vikawaingia machoni. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi siku ile, maelfu wakajeruhiwa, na wako waliopoteza macho yao kwa sababu tu walikwenda kuangalia. Mzee wetu alikuwa amechelewa kuinuka kitini. Leo amestaafu, amerudi nyumbani, anapanda kahawa na migomba. Lakini kanisani haketi karibu na dirisha. Gurudumu la lori likipasuka barabarani, yeye huwa amekwisha kuinama chini ya benchi kabla sisi hatujageuza vichwa. Vijana walikuwa wakimcheka. Hatudhani wangecheka kama wangejua kwamba lile somo alifunzwa mara moja tu, na kwamba siku ile lilikuwa somo la kweli.

Hivyo wako waliofunzwa wasiwasi na tukio moja. Wako waliofunzwa polepole na utoto wao, katika nyumba ambayo baba akirudi hujui kama amekuja na mkate au na fimbo. Wako waliozaliwa na mbwa mkali kuliko wa wenzao, maana jambo hili huelekea kwenda katika jamaa, ingawa si kwa wote. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na wasiwasi uliofikia kuwa ugonjwa, yaani ule unaokaa muda mrefu na kumzuia mtu kufanya kazi zake. Wengi wao hawakupata matibabu yoyote. Basi wewe unayetusikiliza na kudhani kwamba uko peke yako, hauko peke yako hata kidogo.

Tena uko wasiwasi ambao si wa mbwa mkali wala wa bomu. Mama ana watoto wanne, mvua imekosa, deni la duka limefika mahali ambapo mwenye duka hasalimii tena. Huyo akikosa usingizi, si kwamba akili yake imekosea. Imepima sawasawa. Twawasihi wahubiri wenzetu msimwambie mtu wa namna hiyo kwamba shida zake ni za kufikirika. Mletee debe la mahindi kwanza.

Na sasa tufike kwa yule mama. Hatutamtaja jina, naye ametupa ruhusa kusimulia.

Wale wanaoijua barabara ipandayo kutoka Mwatate kwenda Wundanyi wanajua kona zake. Siku moja matatu aliyopanda ilipoteza breki kwenye mteremko ikaangukia ubavu. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa. Yeye alivunjika mkono, ukaungwa, ukapona. Alipopona akaenda steji kama kawaida, na alipoinua mguu kuingia, moyo ukamdunda, vidole vikafa ganzi, akaona giza. Akashuka. Mara ile ile akapata nafuu. Kesho yake alifika steji akarudi. Baada ya juma moja hakufika steji. Baada ya mwezi, sauti ya honi tu ilimtosha kuketi chini. Akaacha kwenda sokoni, akaacha kumtembelea binti yake aliyejifungua Voi, mjukuu akafika miezi minne bila kushikwa na bibi yake. Kanisani alikuja kwa miguu, saa moja na nusu kupanda, naye ni mtu wa miaka sitini na kitu.

Ndipo sisi, bila kujua lolote kati ya hayo, tukahubiri kutoka Mathayo sura ya 6, ule ufundisho wa Bwana juu ya ndege wa angani na maua ya kondeni. Tukapaza sauti. Tukasema wasiwasi ni kutokuamini, na Mkristo mwenye wasiwasi anamwita Baba yake mwongo. Juma lililofuata yule mama alirudisha kile kitambaa cha kichwa cha Umoja wa Akina Mama, akiwa amekifua na kukipiga pasi. Tulipomwendea kumwuliza alisema, “Kasisi, mimi siwezi kuvaa kitu cha watu wenye imani. Nimeomba, na nikiiona matatu bado natetemeka. Mungu amechoka nami.”

Tulimwambia aombe zaidi. Ndivyo tulivyomwambia, wapendwa. Alikuwa na wasiwasi mmoja, wa barabara. Sisi tukamwongezea wa pili, wa mbinguni.

Aliyetufumbua macho ni muuguzi wa zahanati iliyo karibu nasi, mshiriki wetu, mwanamke asiyezunguka maneno. Alikuja ofisini akakaa. “Kasisi,” akasema, “ukimwona mtu anachechemea humwambii kwamba hana imani na mguu wake. Yule mama ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika, na wewe unamzuia.” Kisha akatueleza yale tuliyowaeleza ninyi, ya lozi na tezi na pumzi. Tulirudi nyumbani tukiwa wadogo.

Usiku ule tulifungua vitabu vyetu vya chuo cha theolojia, tukatafuta lile neno la Kigiriki ambalo Mathayo alilitumia. Ni merimnao. Tulilijua tangu chuoni, lakini hatukuwa tumelifuata mahali pengine linapotokea. Paulo alilitumia katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, alipotaka viungo vya mwili vijaliane. Katika Wafilipi sura ya 2 alilitumia kumsifu Timotheo kwa jinsi anavyowajali watu kwa moyo wa kweli. Kisha katika Wafilipi sura ya 4 anatumia neno hilo hilo kuwakataza watu wasisumbuke. Na Paulo huyo huyo, katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 11, akiisha kuhesabu mapigo na kuvunjikiwa na jahazi, anaungama kwamba kila siku ana mzigo wa wasiwasi, merimna, kwa ajili ya makanisa yote. Tulisoma mistari hiyo mara tatu. Mtume anakataza jambo na kulisifu na kuungama kwamba analo. Sisi tulikuwa tumechukua kipande kimoja tu, tukakifanya fimbo.

Tukamkumbuka na Eliya, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, alipomkimbia Yezebeli akalala chini ya mti akitaka kufa. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena. Maswali yalikuja baadaye sana, baada ya safari ya siku arobaini.

Basi tulimwuliza muuguzi, “Tufanye nini?” Naye akatusimulia habari ya mtoto mmoja wa Marekani ambaye katika maandishi ya wataalamu anaitwa Peter. Mtoto huyo, wa umri wa karibu miaka mitatu, aliogopa sungura. (Kwetu sungura ni wa hadithi na wa mchuzi, lakini kila mtu na ndovu wake.) Bibi mmoja mtaalamu, Mary Cover Jones, ambaye aliandika juu yake mwaka 1924, hakumkemea wala hakumtupia sungura mapajani. Alimwekea mtoto chakula akipendacho, na sungura akawekwa mbali kidogo. Kila mara akisogezwa karibu, kadiri mtoto alivyoweza kuvumilia. Wakati mwingine waliletwa watoto wengine wasioogopa sungura, ili awaone. Mwishowe Peter alimpapasa sungura kwa mkono wake mwenyewe. Wataalamu waliokuja baadaye, kama daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, walizidi kuiendeleza njia hiyo kwa watu wazima, na leo ni mojawapo ya tiba zilizothibitishwa kuliko zote kwa hofu za namna hii. Ziko dawa pia, na daktari akiona zinafaa si dhambi kuzimeza.

Sababu ya tiba hii kufaulu ndiyo sababu ya yule mama kuzidi kuugua. Kila mara alipoikimbia matatu, alipata nafuu papo hapo, na yule mbwa wa ndani akasema, “Mmeona? Nilibweka, tukakimbia, tukapona.” Nafuu ile ndiyo iliyomfunza mbwa kubweka zaidi. Mbwa hafundishiki kwa maneno wala kwa kukemewa. Hufundishika kwa kukaa mahali pale hata atakapochoka mwenyewe kubweka na kuona kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo mtu asishuke wakati hofu imepanda. Angoje ishuke kwanza, ndipo ashuke yeye.

Tulipatana na mwenye matatu mmoja, mtu mwema. Juma la kwanza, muuguzi na mama mmoja wa Umoja waliketi pamoja na mgonjwa wetu ndani ya gari lililosimama steji, injini imezimwa, mlango wazi. Alitetemeka. Walimfundisha kupumua polepole, akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Hawakushuka. Baada ya kama nusu saa kutetemeka kulipungua, akashangaa, akaanza kuuliza bei ya nyanya. Siku nyingine, mlango ulifungwa. Siku nyingine, injini ikawashwa. Majuma mengine hakuweza kabisa, tukarudi nyuma hatua moja. Makanga walikuwa wakitania mwanzoni, “Shosho, leo tunaenda?” lakini baadaye wakawa wakimwekea kiti cha mbele. Sisi kazi yetu ilikuwa kumwomba radhi, na kuomba pamoja naye. Tuliomba, wala hatukuacha kuomba. Ila tuliacha kuomba kana kwamba sala ni mtihani ambao yeye ameshindwa.

Huenda wewe unayetusikiliza huna muuguzi wa namna hiyo. Tuwaambie habari ya Zimbabwe. Huko, katika lugha ya Kishona, wasiwasi na huzuni ya kupita kiasi huitwa kufungisisa, yaani kufikiri mno, na nadhani hata hapa Kenya mmesikia watu wakisema fulani anaugua kwa mawazo. Daktari Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa na mgonjwa aliyejiua, ambaye jamaa zake walikosa nauli ya kumfikisha hospitali. Jambo hilo lilimchoma. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza na akina bibi 14. Aliwafundisha kuketi na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua shida moja tu kati ya shida zake zote na kuitafutia njia. Kazi hiyo ilipimwa kwa uangalifu katika zahanati 24, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi na wale bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao si madaktari. Ni akina mama wa umri kama wa wale wanaoketi safu ya mbele katika kila kanisa la nchi hii.

Tulipoyasikia hayo tulitazama lile benchi refu lililo chini ya mwembe nje ya kanisa letu, ambalo tangu zamani watu hulitumia kungojea mvua ipite. Sasa kila Jumatano alasiri wako akina mama wawili wanaoketi hapo. Wamefundishwa na muuguzi mambo machache, na jambo la kwanza ni kutomkatiza mtu anaposema. La pili ni kujua ni nani wa kupelekwa hospitali bila kungoja: yule asiyelala wala kula kwa siku nyingi, yule anayesikia sauti, na yule anayesema afadhali afe. Huyo wa mwisho haachwi arudi nyumbani peke yake. Kama ni wewe unayesikiliza sasa na unawaza hivyo, tafadhali zima redio, nenda kwa jirani, umwambie maneno hayo waziwazi leo hii, naye akusindikize zahanati.

Mikono yetu, tukiwaambieni haya, ina jasho. Kila tukikaa mbele ya chombo hiki cha kunasia sauti huwa hivyo, na tumekwisha kukaa hapa mara nyingi. Zamani tulikuwa tukiificha karatasi ili fundi asione inavyotikisika.

Mtataka kujua habari za mama yetu. Anapanda matatu. Tangu mwaka jana huteremka mpaka Mwatate, na mara mbili amefika Voi kwa mjukuu. Lakini ile kona yenyewe hajaweza. Kabla ya kuifikia humgonga makanga begani, gari husimama, hushuka, huitembea kona yote kwa miguu huku abiria wakimngoja ng'ambo, kisha hupanda tena. Juma lililopita abiria mmoja mgeni alinung'unika kwamba anacheleweshwa. Kijana makanga akamjibu, “Tulia, mzee. Huyo mama ana kazi yake hapo, akimaliza tutakwenda.”

Kile kitambaa cha Umoja tunacho bado ofisini, ndani ya mfuko wa karatasi. Amesema ataujia siku atakayoipita kona akiwa ndani ya gari, nasi hatumharakishi.